Tupeane uzoefu: mliojibana kabla ya kwenda kusoma MD (digrii ya udaktari), hela mliitunzaje?

Mleta mada
Wakuu habari za jioni. Mimi ni CO (tabibu wa diploma), nipo zahanati ya misheni huku kijijini, GPA ya diploma inaruhusu (ile 3.0 nimeivuka kidogo tu) na mwakani Mungu akipenda naenda kupiga MD. Sasa hesabu ndo inanitoa jasho. Miaka 5 darasani halafu mwaka mzima wa intanishipu, ada ya chuo cha praiveti ni mamilioni kila mwaka, na huku kwetu ukiaga tu, mshahara nao umeuaga. Mkopo nitaomba ila siutegemei. Mliopita njia hii mlijibanaje? Nataka vitu mlivyofanya kweli, haya ya "acha soda" nayajua.

kapu_la_dagaa
Karibu dokta mtarajiwa. Mimi nilikuwa CO pia kabla sijaenda kusoma Mwanza. Nikwambie tu chakula sio kinachomaliza hela kijijini, kijijini utakula nini cha kukufilisi, dona, mchicha, dagaa, siku ya gulio samaki. Kinachomaliza ni watu kujua una mshahara. Magrupu ya harusi! Unaamka asubuhi umeshaungwa, sendofu ya mtoto wa mwenyekiti, harusi ya mtu mliyesoma naye hata humkumbuki sura, kipaimara cha sijui nani, na wewe ndo "dokta wetu" kwa hiyo unaona aibu kuahidi elfu ishirini wakati mwalimu kaahidi hamsini. Nikaweka fungu la michango kwa mwezi, likiisha naandika "nitashiriki kwa maombi" basi, anayenuna anune. Walinuna kweli, baadae wakazoea.

La pili, mshahara ukiingia siku hiyohiyo sehemu kubwa naipeleka UTT, ile taasisi ya serikali ya mifuko ya uwekezaji, kwenye ule mfuko wao wa ukwasi. Sikufuata faida, nilipenda kwamba kuitoa kunachukua siku, kwa hiyo binamu akikupigia mzinga saa nne usiku unamjibu "simu haina kitu" na wala hujadanganya. Hela ikilala kwenye simu ina mdomo.

pcb_wa_mbagala
Mimi mshahara sikuwa nao. Nilimaliza kidato cha sita, nikaomba MD nikakosa nafasi, mnajua ushindani wake, na sikutaka kozi nyingine kwa hiyo nikakaa mwaka nafundisha tempo, bios na kemia kwenye sekondari moja ya praiveti. Kulala kwa shangazi, mchana makande ya shule na walimu, jioni tuisheni za watoto wa majirani. Nikitoka tuisheni nampa shangazi hela mkononi anaidumbukiza mwenyewe kwenye kibubu cha mbao chumbani kwake, na shangazi yangu sio mtu wa kumwomba akuvunjie kibubu eti unataka simu mpya, labda uhame nyumba. Koti na stetoskopu nilinunua kwa bro mmoja aliyekuwa anamaliza, vitabu alinijazia PDF kwenye flashi. Kitabu kipya cha anatomia nilikishika dukani nikauliza bei nikakirudisha taratibu.

mzee_wa_zege
Mnajitesa bure nyie, boom si lipo, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo??

pcb_wa_mbagala
Mkuu boom ni elfu 10 kwa siku, tena tangu 2022/23, kabla ya hapo ilikuwa 8,500, na ndo humohumo ule na ulale. Ukikosa hosteli hapa Dar mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo wakati wewe boom unapewa la miezi miwili, likichelewa ndo usiseme. Kibubu cha shangazi kilimalizikia hapo, kwenye kodi.

mama_wa_wawili
Samahanini nyie mnaongea kibachela. Mimi ni nesi, nina watoto, siwezi kumwambia mtoto leo tunapiga desh, yaani hatuli. Na hata nyie msidanganyane na hizo desh, mnaenda kusomea tumbo la mtu mkiwa hamna lenu. Nilichofanya nilinunua maharage kwa debe wakati wa mavuno, Jumapili jioni naloweka, nabandika jiko moja la mkaa linachemka mpaka laini bila kuunga, nagawa kwenye makopo ya siagi, yanaingia friza ya jirani, yeye namlipa kwa kopo moja la maharage. Katikati ya wiki ni kuunga tu, nyanya na kitunguu, dakika kumi watu wanakula. Mkaa wa wiki nzima ulikuwa unaisha kwa maharage tu jamani. Viatu vya wodini vya kufunika nilichagua mitumba Memorial pale Moshi, asubuhi sana siku wanafungua belo, ngozi kabisa, nikavaa mpaka mwaka wa nne.

Na uwaambie watu wa nyumbani mapema tarehe ambayo hela ya kutuma itakata. Mimi mama nilimwambia miezi kabla, akalia, akanielewa. Usisubiri mpaka uko chuo.

Mleta mada
Shukrani wakuu, la maharage wife kalichukua tayari. Na magrupu nimeanza kutoka usiku huu huu. Tatizo limebaki moja, ni harusi ya mtoto wa mganga mfawidhi wangu, hiyo naitokaje?

kapu_la_dagaa
Hiyo lipa mkuu. Barua yako ya kuacha kazi si yeye ndo anaipitisha?