Waandishi wa vitabu vya sayansi, Uganda si kichaka cha magonjwa!

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mimi ni msomaji wa vitabu vya sayansi, vile vinavyoandikwa kwa ajili ya watu wa kawaida, pamoja na riwaya za kisayansi. Hapa Kampala kitabu kipya cha aina hiyo kinaweza kukutoa shilingi 80,000, ndiyo maana wengi wetu tunangoja mitumba. Wiki hii nimepata kimoja cha virusi. Sura ya kwanza inafunguka Uganda, nikafurahi. Kufika ukurasa wa tatu nimeshakutana na msitu wa giza, popo, na mwanakijiji asiye na jina anayetapika damu. Ukurasa wa sita keshakufa. Ndege inaruka kwenda Ulaya, na huko ndiko watu wanaanza kuwa na majina, wake, watoto na hofu zao. Nikakifunga.

Na riwaya ndizo zimezidi. Ugonjwa wa kumaliza dunia lazima utoke kwenye pango la Afrika, dawa lazima ipatikane Marekani. Sisi kazi yetu ni kufa mapema ili hadithi ianze.

Msitu wa Zika wanaoutia chumvi hivyo, mimi nimefika. Uko kando ya barabara ya Entebbe, upande wa Kisubi, na ni mdogo, huwezi kupotea humo. Ndani kuna mnara wa chuma ambao watafiti huupanda kutega mbu kwa kimo mbalimbali, maana mbu wa kwenye vilele vya miti siye yule wa chini. Mwaka 1947 watafiti wa Entebbe walikuwa wanaifuatilia homa ya manjano. Wakaweka tumbili wa Kiasia kwenye vizimba juu ya miti, wakawa wanawapima joto. Mmoja, namba 766, akapanda homa, na damu yake ikatoa kirusi ambacho hakuna aliyekuwa anakijua, ndicho hicho cha Zika. Huo si upelelezi wa kutosha? Unahitaji giza la nini hapo? Lakini mwandishi anaruka moja kwa moja hadi mlipuko wa Zika Brazili mwaka 2015, na Entebbe inabaki jina la uwanja wa ndege.

Kirusi cha Marburg nacho hivyohivyo. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara Ujerumani na Belgrade waliugua baada ya kushika tumbili walioagizwa kutoka Uganda, watu 7 wakafa. Vitabu vinasisitiza tumbili wa Uganda, tumbili wa Uganda. Biashara yenyewe ya kuwakamata na kuwasafirisha kwa ajili ya maabara zao inapewa nusu sentensi.

Sasa niwaambie kinachoniuma kuliko vyote. Oktoba 2000 Dkt. Matthew Lukwiya alikuwa Kampala masomoni. Akaitwa arudi Hospitali ya Lacor, Gulu, kaskazini mwa Uganda, kwa sababu wanafunzi wa uuguzi walikuwa wanakufa na haieleweki kwa nini. Alirudi, akaketi na mafaili ya wagonjwa, akaona vifo vinafanana, akaitahadharisha wizara ya afya bila kungoja majibu ya maabara. Akafungua wodi ya kuwatenga wagonjwa, akaingia humo yeye mwenyewe kila siku. Wauguzi wakawa wanakufa, waliobaki wakataka kuondoka, akazungumza nao mpaka wakabaki. Usiku mmoja muuguzi wake alizidiwa, anavuja damu. Daktari akavaa glovu, barakoa na gauni, akakimbilia kumsaidia, macho yake hayakukingwa. Tarehe 5 Desemba 2000 alifariki. Ugonjwa wenyewe ulikuwa Ebola. Iliwapata watu 425 na kuua 224, na bila yeye ingetambuliwa ikiwa imeshatapakaa zaidi.

Mtu huyo ni aya moja! Kwenye kitabu cha kurasa mia nne, aya moja, halafu mwandishi anarudi kueleza suti ya kujikinga ya mtafiti mgeni, zipu kwa zipu.

Msiniambie wasomaji wa nje hawavutiwi na sisi. Mtu anayesoma sura nzima juu ya popo atashindwa kusoma juu ya daktari? Na kwa wanaoandika riwaya, Novemba 2013 jua lilipatwa kabisa pale Pakwach jioni, watu wakafurika kutoka kila pembe ya dunia. Mwaka 2022 PearlAfricaSat-1, setilaiti iliyoundwa na wahandisi wetu wakiwa Japani, ilipelekwa angani. Hayo mambo ya kuandikia riwaya yapo. Wao wanaona popo tu.

Mie sinunui tena kitabu kinachofunguka na maiti ya Mwafrika asiye na jina. Nasoma ukurasa wa kwanza palepale dukani, nikiikuta, narudisha rafuni, muuzaji anune akitaka.

Mwenye kujua kitabu ambacho Dkt. Lukwiya kapewa sura nzima, ataje jina lake hapa na duka kinakopatikana. Kiwe cha Kiswahili au Kiingereza, nitakifuata hata Gulu.