Baba katelekeza familia, kwenye mkopo wa chuo anahesabika mzazi!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Mdogo wangu kapata chuo, ualimu wa fizikia na hisabati, kozi tunayoimbiwa kila mwaka kwamba ni kipaumbele. Awamu ya kwanza ya mkopo jina hamna, ya pili hamna. Juzi imetoka ya tatu, patupu. Hakuna aliyetupa sababu, ila ukisoma mwongozo wa Bodi ya Mikopo unaiona mwenyewe: si yatima, si mlemavu, kaya yetu haimo TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini.

Sawa, si yatima. Baba yupo. Mara ya mwisho tulisikia yuko machimboni Kahama, ana mke mwingine, simu hapokei. Mama anauza vitumbua. Lakini kwenye fomu mzee yu hai, basi imeisha hiyo.

Aliyefiwa ana cheti cha kifo, RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, wanakihakiki, mambo yanakwenda. Mlemavu ana fomu ya daktari. Wa TASAF ana namba ya kaya. Sasa aliyetelekezwa apeleke karatasi gani? Mwenyekiti wa mtaa anatujua miaka yote, akagonga muhuri na barua akaandika kwamba mama analea peke yake. Wakili naye kagonga wake, kalipwa chake. Sidhani kama kuna aliyeifungua hiyo barua.

Kijana wa steshenari aliyekuwa anatupandishia viambatanisho akasema bila hata kupunguza sauti: "Dada, muueni tu mzee, wenzenu wanaua." Yaani tughushi cheti cha kifo. Mama yangu, mwanakwaya kabisa, nikamsikia anauliza ni shilingi ngapi! Nikamvuta mkono tukatoka.

Halafu Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni wa chini ya miaka 18. Dogo ana 20. Kwa hiyo kwenye kulelewa kashakuwa mtu mzima, kwenye mkopo bado ni mtoto wa baba. Hii akili ya wapi?

Na jamani huu ni MKOPO, si sadaka. Akiajiriwa anakatwa 15% ya mshahara mpaka deni liishe. Bumu lenyewe, hiyo hela ya kujikimu, 10,000 kwa siku, kula na kulala humohumo. 30,000 ya maombi ndiyo imeshakwenda.

Kuna aliyewahi kushinda rufaa kwa kesi kama hii? Ulipeleka nini, ustawi wa jamii au kiapo cha mahakamani? Wale wa "si auze genge kwanza", pitieni nyuzi nyingine, leo sitaki kutukana mtu nikafungiwa akaunti.