Dola ikipanda bei inapanda leo, ikishuka "gari liliingia zamani": wenye yadi mmetuzoea

Mleta uzi

Wakuu, sitazunguka. Wenye yadi za magari hapa Dar, pamoja na nyie madalali mnaoshinda kwenye viti vya plastiki pale mlangoni, huu mchezo wenu umetuchosha.

Mwaka 2022 dola moja ilikuwa kwenye 2,300. Mwaka 2023 dola zikaadimika benki, na 2024 bei yake ikapita 2,700. Kila ilipopanda kidogo, kibao cha bei kwenye kioo kilibadilishwa siku hiyo hiyo, hata kwa gari lililokaa yadi miezi minane na kodi yake ikalipwa kitambo. Tukameza: "Boss, nikiuza kwa bei ya zamani nitashindwa kuleta jingine." Mwisho wa 2024 dola ikaporomoka hadi karibu 2,400. Vibao vikabadilika? Thubutu! Hoja ikageuka: "Hili liliingia kwa dola ya juu, ukitaka nafuu subiri la meli ijayo." Yaani dola ikipanda mnahesabu kwa dola ya kesho, ikishuka mnahesabu kwa dola ya jana. Chagueni moja.

Sasa hesabu iwekwe hadharani. Chukua Toyota IST ya cc 1,298 iliyopita miaka 10, thamani ya forodha tuseme ni dola 3,000 CIF, yaani bei ya gari pamoja na bima na nauli mpaka bandarini. Ushuru wa forodha ni 25%, dola 750, unapata 3,750. Juu ya hiyo 3,750 kuna ushuru wa bidhaa 5% kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000, dola 187.50, na ule wa uchakavu 30% kwa gari lililozidi miaka 10, dola 1,125. Unafika 5,062.50, ndipo VAT ya 18% inakalia vyote hivyo: 911.25. Kodi nne tu zimefika dola 2,973.75, karibu sawa na gari lenyewe, na hapo bado tozo ya reli, ada ya forodha, usajili, bandari na wakala.

Gari pamoja na kodi hizo nne kwa dola ya 2,300 ni shilingi 13,739,625. Kwa dola ya 2,700 ni 16,129,125. Gari ni lile lile, rangi ile ile, limeongezeka 2,389,500 kwa sababu ya dola peke yake. Hilo naelewa, halina mjadala. Ila dola ikirudi 2,400 hesabu inasema 14,337,000. Hiyo 1,792,125 ya katikati imekwenda wapi? Mtu ajibu hapa, na asilete ngonjera za "uchumi wa dunia".

Na nyie wanunuzi msidanganyike kwamba ukiandikiwa invoisi ndogo kodi inapungua. TRA wana thamani zao kwenye mfumo wa kukadiria magari yaliyotumika. Ingia kwenye tovuti yao, jaza aina, modeli, mwaka wa kutengenezwa, nchi, mafuta na cc, inakutolea kodi yote hapo hapo. Ni bure, ni dakika tano, na ndiyo silaha ya kwanza ya kuingia nayo yadi.

Uongo wa pili ni wa meli. Mwisho wa 2023 mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza, kila dalali akawa mchambuzi wa usafiri wa baharini: "Mkuu, meli zinazunguka." Meli inayotoka Yokohama kuja Dar inapita Singapore na kukata Bahari ya Hindi. Haina shughuli na Bahari ya Shamu wala mfereji wa Suez. Kilichotuathiri ni upungufu wa meli, kwa kuwa zile za Ulaya zilikaa safarini muda mrefu zaidi, jambo linaloweza kugusa nauli. Ila kupandisha gari ambalo tayari lilikuwa limepaki Kinondoni kwa sababu hiyo ni wizi wa mchana kweupe. Tena hamkutaja kabisa kwamba yeni ilikuwa inaanguka. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa yeni 115 hivi, katikati ya 2024 ikafika 160. Kwenye mnada wa Japani gari la yeni 300,000 lilishuka kutoka dola 2,600 hadi chini ya 1,900. Nakubali, bei za mnada kwa yeni zilipanda baada ya uhaba wa chipu wa 2021, Wajapani wakakaa na magari yao. Lakini nafuu ya yeni ilikuwepo, na mmeila kimya kimya.

Uongo wa tatu, "chukua Passo, cc 996, kodi yake ni bure." Sio bure. Kwa thamani ile ile ya 3,000, unachookoa kwa kuwa chini ya cc 1,000 ni ile 5% na VAT yake, jumla dola 221.25. Kinachouma ni umri. Gari lile lile likiwa chini ya miaka 8, kodi hizo nne ni 1,646.25 badala ya 2,973.75, ingawa kwa kweli thamani ya forodha ya gari jipya zaidi huwa juu, kwa hiyo pigia hesabu zote mbili. Hali ikibana watu wanakimbilia vigari vidogo, yadi zinajua, na Passo inapandishwa mpaka inakaribia IST. Unalipia hofu yako.

Tuje kwenye hali ya magari yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Biashara ikilala, gari linakaa yadi mwaka mzima juani. Betri inakufa na inachajiwa asubuhi unayoenda kuliona. Diski za breki zinashika kutu. Raba za AC zinakauka, gesi inavuja, wao wanajaza wiki ya kuuza na baada ya miezi miwili unapuliziwa joto. Panya wanakula nyaya. Tairi zinapata ubapa upande mmoja na usukani unatetemeka ukifika 80. Usiangalie kashata, yaani meno ya tairi, angalia tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi ya umri huo, hata iwe na kashata kama ya dukani, ni ya kutupa. Omba gari uliwashe mwenyewe likiwa baridi. Ukikuta boneti ya moto na "tulikuwa tunalisogeza tu", ondoka urudi kesho asubuhi bila kupiga simu.

Zaidi ya hapo, hali ikiwa ngumu yadi zinashuka daraja la mnada, ile alama ya hali ya gari inayotolewa kwenye mnada wa Japani. Yale ya 4 yanapungua, yanaingia ya 3 na yenye R, yaani yaliyogongwa yakanyooshwa. Dai karatasi ya mnada na uisome kwenye mchoro wa gari: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kipande cha bodi kilichobadilishwa, S ni kutu. W mbili tatu sio mwisho wa dunia. XX kwenye boneti pamoja na fenda zote mbili, huo ni mzinga, yaani ajali ya mbele. Linganisha namba ya chesisi ya kwenye karatasi na ya kwenye gari, halafu kilometa za kwenye karatasi na za dashibodi. Kilometa zipo pia kwenye cheti cha Japani cha kufuta usajili. Yadi inayosema "karatasi zilibaki kwa wakala" inakuficha kitu, basi.

La mwisho ni hiyo mikopo ya yadi mnayoibandika mabango. "Lipa nusu, ondoka na gari, riba 3% tu kwa mwezi." Deni la milioni 10 kwa miezi 12, riba inahesabiwa kwenye milioni 10 yote mwanzo hadi mwisho: 3,600,000. Kila mwezi 1,133,333. Mwezi wa 11 umebakiza kama milioni mbili lakini bado unatozwa riba ya milioni 10! Ukiigeuza kuwa riba ya salio linalopungua, inazidi 5% kwa mwezi. Kadi ya gari ina jina lao, GPS ni yao, ukichelewa siku tatu gari linavutwa, na advansi yako inaitwa "gharama za usumbufu".

Mchangiaji, yadi ya Magomeni

Mleta uzi una hasira, na hesabu za kodi umepatia, ila umeruka kipande. Ile bei ya dola uliyoiona kwenye ubao wa benki, dola yenyewe haikuwepo dirishani. Ukiomba dola 20,000 unapewa 2,000 na kuambiwa urudi wiki ijayo. Kwa hiyo mtu alinunua pembeni, kwa bei ya juu ya ubao. Muuzaji wa Japani haachii B/L, ile hati ya shehena ya kuchukulia gari bandarini, mpaka salio liingie. Gari linafika Dar, B/L haipo, siku za bure za bandari kavu zinaisha, ghala linahesabu kila siku, na VAT juu. Zikifika siku 21 forodha wana haki ya kulihamishia ghala lao, na baada ya tangazo linaenda mnada. Hizo gharama zote ziko ndani ya gari unaloliona yadi. Mwenye yadi akiuza kwa hesabu yako anafunga geti.

Mleta uzi

Hoja ya dola ya pembeni naipokea kwa magari ya 2023 na 2024. Sasa thibitisha. Kila gari lina TANSAD, yaani hati ya forodha ya kuliingiza nchini, yenye tarehe na kiwango cha dola ambacho kodi ilipigiwa, na risiti ya malipo. Mpe mnunuzi aione. Kama kodi ilipigwa dola ikiwa 2,400, huwezi kumwambia "liliingia kwa 2,700". Mnaficha karatasi halafu mnataka mhurumiwe.

Na muache tabia ya kutaja bei kwa dola kwa mdomo. Tangu Machi 2025 kanuni za kutumia fedha za kigeni zinakataza kutangaza na kupokea bei ya bidhaa zinazouzwa ndani ya nchi kwa dola. Mmebandika shilingi kwenye kioo, ukiingia ofisini kalkuleta inapigwa kwa dola.

Mchangiaji, Mombasa

Poleni ndugu zetu, huku nako ni yaleyale. Januari 2024 dola ilifika shilingi 160 za Kenya, baada ya miezi michache ikateremka ikawa 130 hivi. Bei za yadi zilishuka kwa kunyatia, tena kwa magari yaliyokwama tu. Na ushuru wa forodha ulipanda kutoka 25% hadi 35% Julai 2023, basi wakapata kisingizio cha kudumu.

Ila sisi tuna kitu kimoja mnunuzi anaweza kukitumia. Gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia, kwa hiyo kila Januari mwaka mmoja unafungiwa nje. Miezi ya Oktoba hadi Disemba waagizaji huleta kwa pupa magari ya mwaka unaofungwa, yadi zinajaa, na likivuka mwaka linaonekana la kizamani. Pesa taslimu mwisho wa Januari, wakati wazazi wanalipa karo na hakuna mnunuzi, ndiyo bei halisi. Mkijaribu mali kwa mali, yaani kutoa gari lako na kuongeza pesa upate la yadi, kwanza uliza bei ya gari lao bila kutaja lako. Ukilitaja mapema wanapandisha lao ili waonekane wamekupa bei nzuri kwa lako.

Mchangiaji mwingine

Niongezee kwa wanaokimbilia mkononi kwa mtu sababu ya ukata. Usinunue herufi ya namba. "Ni namba E hiyo" inakuambia lilisajiliwa lini Tanzania, sio lilitengenezwa lini. Kabla ya kutoa hata shilingi, ingiza namba kwenye mfumo wa polisi uone faini za barabarani, angalia deni la maegesho, na bima kwenye mfumo wa TIRA. Madeni hayo yanafuata gari. Ukisikia "kadi imepotea ila loss report ipo", yaani taarifa ya polisi ya upotevu, simama. Mara nyingi kadi iko benki au kwa mkopeshaji, na huyo jamaa anakimbia marejesho. Mhakiki mmiliki TRA, jina lilingane na kitambulisho cha NIDA cha anayesaini, na malipo yaende kwenye akaunti ya jina hilo. Dalali apewe chake kando, ujue ni kiasi gani, vinginevyo cha juu kitakuwa ndani ya bei na hutakiona.

Mleta uzi

Safi. Na kwa anayeagiza kupitia yadi, msisaini ile karatasi yao ya nusu ukurasa. Iandikwe bei ya mwisho kwa shilingi, au kama inategemea dola, iandikwe ni dola ya benki gani, ya tarehe gani, na ikishuka bei inashuka kwa kipimo kile kile. Iandikwe namba ya chesisi, daraja la mnada, kilometa, nani analipa ghala gari likichelewa kwa sababu B/L haijaachiliwa, na advansi inarudi ndani ya siku ngapi kama gari limekuja tofauti. Yadi ikikataa kipengele cha dola kushuka, muulize kwa nini kile cha kupanda kimo.