Shokapu za IST: jenyuini, orijino, OEM, hivi ni kitu kimoja au?

mama_IST: Wakuu habari zenu. Gari ni Toyota IST, modeli NCP60, mbele inagonga nikipita kwenye tuta, fundi kasema shokapu zote mbili zimekufa. Jana nimeshuka Gerezani, kule Kariakoo, nimezunguka maduka manne ya spea nikatoka kichwa kinauma, huyu ana jenyuini, huyu orijino, huyu OEM ya Japani, wa mwisho ana mtumba wa Japani eti ndo kiboko ya zote, na bei zinapishana balaa. Nielewesheni kabla sijapigwa.

fundi_kimya: Pole dada. Jenyuini ni inayouzwa na Toyota wenyewe, boksi lao, namba yao. OEM ni kiwanda kinachomtengenezea Toyota halafu kinauza pia kwa boksi lake, mfano KYB kwenye shokapu, Denso kwenye plagi, Aisin kwenye wota pampu, hapo bei inashuka. Aftamaketi ni wengine wote, humo kuna wazuri kama chapa ya 555 kwenye boljointi na kuna takataka tupu. Hiyo "orijino" ni neno la dukani tu, hata kopi inaitwa orijino

dogo_spea: Nauza spea, fundi kasema kweli 😂 mteja akitaka orijino namuuliza orijino ipi. Dada usiende na jina nenda na namba. Za Toyota zina tarakimu 10, tano za mwanzo ndo aina ya kifaa, 48510 ni shokapu ya mbele kulia, 48520 kushoto, tano za mwisho zinafuata gari lako so beba kadi wasome namba ya chesisi, maana NCP65 ni fowili, inavuta tairi zote nne, usije ukapewa ya kwake. Na boksi lisikudanganye, maboksi yanachapishwa, toa kifaa usome namba iliyopo mwilini

babu_gia: Mtumba chukua mlango, taa, hata injini. Shokapu hapana, sili inayozuia mafuta imeshachoka huko ilikotoka

tz_driver: Babu mi zangu za mtumba mwaka wa pili huu hazijavuja

babu_gia: Una bahati kijana. Au barabara yenu ina lami

mama_IST: 😂😂 Asanteni, kesho naulizia KYB kwa namba. Na zile raba za juu nibadilishe au zinatosha?

fundi_kimya: Badilisha hizo raba, ndo maunti, hapohapo, zikiwa zimechakaa itaendelea kugonga utadhani umeuziwa feki