Mifupa ya kuku ndani ya glavu ya binti yangu!!!

Wakuu, nimerudi sasa hivi kutoka kwenye nyama choma ya watu wetu hapa St. Paul, Minnesota, Marekani, hata viatu sijavua. Yule bwana mnamjua, yule anayeonja nyama za watu mpaka jiko linabaki na moshi tu. Leo katia mifupa ya kuku kwenye glavu ya besiboli ya binti yangu. MIFUPA. Kwenye GLAVU.

Mtoto ana miaka tisa. Kaiweka glavu yake pembeni ya sahani, kaenda kunawa, karudi, kamwambia kwa heshima: "Anko, mimi nataka kuwa kama Toni Stone." Bwana kacheka mpaka soda zikamwagika, eti tangu dunia iumbwe hakuna mwanamke aliyelipwa kucheza besiboli na wanaume. Halafu anatema mfupa, anautumbukiza ndani. Na wa pili. Na wa tatu!

Toni Stone, mwanamke Mweusi, kakulia mji huuhuu! Uwanja wenye jina lake upo humuhumu! Mwaka 1953 alisajiliwa na Indianapolis Clowns, ligi ya Weusi, akilinda besi ya pili, timu iliyokuwa na Hank Aaron, yule mpigaji nguli, mwaka mmoja nyuma. 1954 akaenda Kansas City Monarchs. Clowns walitaka acheze na sketi, akagoma, akavaa suruali kama wenzake. Wanaume walimtelezea na njumu, makovu akabaki nayo. Ligi ya wanawake ilikuwepo tangu 1943 ila Mweusi hakupewa nafasi, sasa angeenda wapi?

Glavu nimeifuta kwa sabuni mara tatu, katikati ya vidole bado inanuka pilipili. Mtoto kalala nayo hivyohivyo. Mifupa, jamani!

#2: Pole mkuu. Mimi Pasaka alinimalizia paja zima la mbuzi, akaniomba na foili ya kufungia mengine.

#3: Mleta uzi umeandika gazeti zima. Hiyo mifupa ilikuwa na nyama au mitupu?

#1: MITUPU! Kaitafuna mpaka uboho!

#4: Hakuwa peke yake, mwambie binti. Clowns hao walikuwa na Mamie Johnson, mrusha mpira. Mpigaji mmoja alimdharau kuwa hazidi karanga, Mamie akamkosesha mpira mpaka jamaa akarudi benchi. Jina la Karanga likabaki. Na Connie Morgan akaja 1954.

#5: Tukiwa hapohapo kwenye nyama choma, kamati ya harusi ya mwezi wa sita hawajanirudishia masufuria yangu hadi leo.

#2: Kamati ileile? Mchango wangu hata risiti sikupewa.

#1: Wakuu, glavu ya mtoto...

#6: #5, masufuria yale makubwa yenye mifuniko ya bluu? Moja liko gereji kwangu, njoo uchukue Jumamosi.

#5: Na mfuniko wake?