MREJESHO: Yule ndege anayenipigia kelele shambani

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliwauliza kuhusu kindege wa rangi ya udongo huku Sikonge, Tabora, anayenifuata shambani akilia kama mtu anatikisa kiberiti. Kuna walioniambia ni uchawi (sijawasahau). Mliosema ni mlembe, yule ndege anayeongoza watu kwenye mizinga ya nyuki wa porini, mmepatia.

Jumamosi tulimfuata, mimi na baba mdogo. Analia, anarukia mti wa mbele, manyoya meupe ya pembeni mwa mkia yanaonekana, anasubiri. Tukichelewa anarudi kutufokea. Baada ya kama nusu saa mlio ukabadilika: ukawa wa chini, unakatika katika, na yeye hasogei tena. Nikadhani kachoka. Baba mdogo akaniambia, "Usimtazame yeye, tazama mashina." Kwenye mninga, usawa wa kichwa, nyuki wanaingia na kutoka.

Moshi, shoka, asali kama lita tatu. Tulimwachia masega, yeye anataka nta na majana (watoto wa nyuki).

Aliyenishauri nimwite mlembe kwa mluzi wa Wahadzabe, wale wawindaji wa Ziwa Eyasi: ndege hakunijibu hata kidogo. Kumbe watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walilipima hilo na kulichapisha 2023. Walembe wa kwa Wahadzabe waliitikia zaidi mluzi wa kwao kuliko ule wito wa "brrr-hm" wa Wayao wa Niassa, Msumbiji. Wa Niassa nao kinyume chake. Sasa mluzi wangu wa kujifunzia YouTube nani auelewe Sikonge? Baba mdogo hapigi mluzi, anagonga tu miti kwa shoka huku anatembea.