Je, hapa Tanzania tukifuta PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara) na kubaki na VAT (kodi ya ongezeko la thamani, inayolipwa ndani ya bei) pekee, tutawafikia wasiotoa risiti?

Mwalimu wa Kibaha:
Ndugu wanajamvi, naomba kueleweshwa. Mshahara wangu unaotozwa kodi, baada ya kuondolewa mchango wa pensheni, ni shilingi 1,000,000, na kila mwezi PAYE ya shilingi 128,000 hukatwa kabla fedha haijafika benki. Jumamosi iliyopita nilikwenda Kariakoo kununua pampu ya maji. Muuzaji akaniuliza, bila hata kushusha sauti, kama nataka bei ya risiti au bei ya kawaida: 236,000 au 200,000. Nakiri kwamba nililipa 200,000. Kwa kuwa kila mtu hula na kuvaa, hata yule ambaye mapato yake hayaonekani popote, kwa nini tusifute kodi ya mapato na kupandisha VAT, ili kila mmoja alipe anapotumia?

Mhasibu Mstaafu:
Mwalimu, jibu limo kwenye pampu yako. Kodi unayotaka imnase muuzaji ndiyo hiyohiyo mliyoikwepa wawili pale kaunta. Tuseme pampu iliingia bandarini kwa thamani ya 150,000: tukiacha ushuru mwingine, VAT ya 27,000 (asilimia 18) ilikwishalipwa hapo; anayetangaza mauzo huikata kwenye VAT anayowatoza wateja, lakini asiyetangaza hana pa kuidai. Kwa bei ya 200,000 angebaki na faida ya 23,000 tu, ilhali kwa risiti angebaki na 50,000. Basi kwa nini alikubali? Ama mzigo ulipita kwa thamani pungufu, ama anairejesha ile 27,000 kupitia mauzo mengine aliyoyatolea risiti. Tatizo liko kwenye kumbukumbu za mauzo, na kumbukumbu hizohizo ndizo msingi wa kodi zote mbili.

Ukipandisha VAT hadi asilimia 30 ili kufidia PAYE, tofauti ya bei mbili inakuwa 60,000 badala ya 36,000. Ulishindwa kuikataa 36,000.

Mama Vitenge:
Naomba nisahihishe dhana kwamba sisi wenye vibanda hatulipi. Tangu 2023 mfanyabiashara halazimiki kujisajili VAT hadi mauzo yake yafikie milioni 200 kwa mwaka, na mimi niko mbali sana na hapo, kwa hiyo VAT iliyomo kwenye kitenge ninachonunua kwa jumla siwezi kuidai na inabaki ndani ya bei yangu. Juu ya hapo nalipa kodi inayoitwa ya mapato, lakini hukadiriwa kwa mauzo: mwaka niliouza kwa hasara ili vitambaa visinidodee, kodi ilikuja vilevile. Na kuna wauzaji wa jumla wanaokupa risiti ya nusu ya fedha uliyolipa. Maofisa wa kodi wakikusimamisha njiani ukiwa na mzigo, anayejieleza ni wewe uliyeubeba. Mwalimu anakatwa, lakini angalau hakatwi kwa mshahara ambao hakuupata.

Mwalimu wa Kibaha:
Nimekuelewa, mama, na nimeaibika kidogo kuhusu pampu. Lakini je, ile hatua ya bajeti ya 2025/26, ya kushusha VAT kutoka asilimia 18 hadi 16 kwa mnunuzi wa kawaida anayelipa kielektroniki, haiwezi kuziba pengo hilo?

Mhasibu Mstaafu:
Ni wazo zuri, kwa kuwa mnunuzi anapewa sababu ya kuacha alama ya malipo yake. Lile la tozo za miamala ya simu la Julai 2021 lilikwenda kinyume kabisa, kwa kuwa lilimpa sababu ya kurudi kwenye noti. Ila piga hesabu kwa pampu yako. Asilimia mbili ya 200,000 ni shilingi 4,000. Muuzaji wako alikupunguzia 36,000.